Kueleza fizikia na hisabati ngumu kwa msomaji wa kawaida, kuanzia sufuria ya maharage

Maharage ya aina moja, yaliyolowekwa usiku mmoja na kubandikwa saa moja asubuhi, yanaiva mapema Kyela na kuchelewa Mbeya mjini. Wapishi wa Nyanda za Juu Kusini wanalijua hilo, na ukiuliza sababu utajibiwa haraka: Mbeya ni baridi. Jibu hilo si sahihi. Ndani ya kosa hilo kuna sura nzima ya kitabu cha sayansi inayosubiri kuandikwa, na msomaji wake tayari yuko jikoni.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanachuo au mtu yeyote anayetaka kuandika sura, makala au kijitabu cha kueleza fizikia na hisabati kwa watu ambao hawataifanyia mtihani. Kila sura ipimwe kwa swali moja: msomaji akishafunga kitabu, je, kuna kitu anachoweza kukikagua mwenyewe kwa mkono, kwa jicho au kwa kalamu, ambacho jana hakukiweza? Kama amebaki na maneno matupu, "kwanta", "shimo jeusi", "mnyumbuko wa wakati", basi hajaelezwa kitu. Ameambiwa tu kwamba kuna watu wengine wanaoelewa.

Anza na swali

"Kanieneo ya angahewa" (presha yake, yaani jinsi hewa inavyokandamiza kila kitu) ni mada. "Kwa nini maharage ya Mbeya yanachelewa kuiva?" ni swali. Mada haina mwisho, na mwandishi anayeanza nayo hujikuta akimwaga kila anachokijua. Swali lina mlango wa kuingilia na wa kutokea, na msomaji anajua kama limejibiwa au bado. Michael Faraday, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa Uingereza, alitumia mihadhara sita mbele ya vijana wa London, mwishoni mwa 1860 na mwanzoni mwa 1861, kueleza mshumaa mmoja unavyowaka. Kitu kimoja, kikageuzwa huku na huku mpaka kikatoa kemia nzima ya hewa, maji na pumzi.

Ukishapata swali, andika mnyororo wa jibu, hatua moja kwa sentensi moja, kabla hujaandika aya yoyote. Kila hatua iwe ya aina ambayo msomaji anaweza kuikataa akitaka. Kwa maharage, mnyororo ni huu:

1. Maji yakishachemka hayazidi kupata moto. Ongeza kuni uwezavyo, kinachoongezeka ni mvuke. Nyuzi zinabaki palepale.
2. Kiputo cha mvuke kinachozaliwa chini ya sufuria hakiishi mpaka mvuke uliomo ndani yake usukume kwa kiasi kilekile ambacho hewa ya nje inayakandamiza maji. Mvuke ukiwa dhaifu, kiputo kinabonyezwa na kufa.
3. Hewa inakandamiza kwa sababu ina uzito, na anayeishi juu ana hewa kidogo zaidi juu ya kichwa chake. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani.
4. Kwa hiyo Mbeya kiputo kinashinda mapema, maji yakiwa na nyuzi 94 hivi za Sentigredi. Kyela, karibu mita 500, ni 98. Kitulo, mita 2,600, ni 91.
5. Maharage hayajui kwamba maji yanachemka. Yanachojua ni nyuzi, na nyuzi zikipungua, yanachelewa kulainika.

Mpe msomaji kanuni anayoweza kuondoka nayo: kwa milima yetu, toa nyuzi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Anayeishi Makambako au Tukuyu atajipigia hesabu yake mwenyewe.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya pili. Vitabu vingi huandika "hewa ikiwa hafifu, maji huchemka haraka" na kuendelea mbele. Sentensi hiyo si uongo, lakini haielezi chochote, na ina mtego: msomaji anaposikia "haraka" anadhani chakula nacho kitaiva haraka. Anafunga kitabu akiamini kinyume cha kile anachokiona jikoni kwake. Andika "maji huchemka yakiwa na nyuzi chache", hata kama sentensi inakuwa ndefu.

Sasa rudi kwenye lile jibu la baridi, maana msomaji hajaliacha. Kumwambia amekosea hakutoshi. Mpe tabiri mbili zinazogongana. Kama baridi ndiyo sababu, basi mchana wa Oktoba, Mbeya inapopata joto lake kubwa, maharage yangepaswa kuiva haraka kama ya Kyela. Hayaivi hivyo. Kama kanieneo ndiyo sababu, basi sufuria ya presha ingepaswa kumaliza tatizo hata asubuhi ya Julai yenye umande wa barafu, na kweli inalimaliza: vali ikishikilia kilopaskali 100 hivi (karibu sawa na kanieneo nzima ya hewa ya pwani) juu ya hewa ya nje, maji ya ndani hufika karibu nyuzi 118. Hapo msomaji amepata namna ya kuamua kati ya majibu mawili, na hiyo ni fizikia zaidi ya ile namba 94.

Mnyororo ukizidi hatua saba, hizo ni sura mbili. Zitenganishe.

Kila mfano uandikiwe mpaka wake

Kueleza umeme kwa maji ni mfano wa zamani, na huku kwetu unafaa kuliko pengine kwingi kwa sababu vijiji vingi vya milimani vinatumia maji ya mserereko. Tangi liko juu, kijiji kiko chini. Kimo cha tangi ni volti, lita zinazopita kwa sekunde ni mkondo, na wembamba wa bomba ni ukinzani. Msomaji wa Makete au Ludewa anaelewa papo hapo kwa nini kuongeza kimo kunaongeza mtiririko. Mfano unafafanua pia jambo linalowatatiza wengi: elektroni ndani ya waya wa nyumbani husogea polepole sana, chini ya milimita moja kwa sekunde, lakini taa inawaka papo hapo ukibonyeza swichi. Bomba lilikuwa limejaa tangu mwanzo. Ukifungua koki, maji yanayotoka kwanza si yale ya tangini, ni yale yaliyokuwa yamesimama mlangoni.

Lakini katika aya ileile, usingoje ukurasa ujao, andika pale mfano unapokufa. Bomba likikatwa, maji yanamwagika. Waya ukikatwa, umeme unasimama. Bomba likiongezwa kipenyo mara mbili, maji yanayopita taratibu bila misukosuko huongezeka mara 16. Waya ukiongezwa kipenyo mara mbili, mkondo huongezeka mara 4 tu. Usipoandika mpaka, msomaji makini ataendelea kuutumia mfano mpaka umpeleke shimoni, na kosa litakuwa lako.

Kuna mifano inayofaa kuachwa kabisa. Shuka la mpira lenye jiwe katikati, linalotumika kuonyesha jinsi Jua linavyoipinda anga, linaeleza mvutano kwa kutumia mvutano: jiwe linabonyea kwa sababu Dunia inalivuta kwenda chini. Mtoto wa darasa la sita akiuliza "nani analivuta?" huna jibu. Badala yake, chukua chungwa na kalamu. Watu wawili wanasimama kwenye ikweta, umbali fulani kati yao, wote wakielekea kaskazini moja kwa moja, hakuna anayekata kona. Wanakaribiana kila hatua na mwisho wanagongana kwenye ncha. Hakuna kani (msukumo au mvuto) iliyowasogeza. Ni umbo la uso wanaoutembea. Chora njia hizo kwenye chungwa, na msomaji amelishika wazo kuu la Einstein kuhusu mvutano bila jiwe wala shuka.

Atomi kama mfumo wa jua mdogo nayo ni ya kuacha, au angalau iandikwe kwamba elektroni haina njia ya mviringo inayoifuata kama sayari.

Mlinganyo usiufiche, utembee nao

Mwanafizikia Stephen Hawking aliambiwa, alipokuwa akiandaa kitabu chake cha 1988, kwamba kila mlinganyo utakaowekwa ungepunguza wanunuzi kwa nusu. Akabakiza mmoja. Ushauri huo umewaogopesha waandishi wengi kupita kiasi. Mlinganyo uliotupwa mezani bila maelezo unafukuza watu, hilo ni kweli. Mlinganyo uliotembezwa unampa msomaji mashine anayoweza kuiendesha.

Tembea nao hivi. Chukua nishati ya kitu kilicho juu: masi (kwa kilo), zidisha kwa 9.8 (kipimo cha mvutano wa Dunia), zidisha kwa kimo (kwa mita). Kabla ya namba yoyote, mfanye msomaji akishike kipimo chenyewe mkononi: parachichi la gramu 200 kutoka Rungwe, ukiliinua nusu mita, umetumia karibu jouli 1. Kisha nenda Kihansi, kwenye ukingo wa safu za Udzungwa, ambako maji yanashuka karibu mita 850 kwenda kwenye mitambo. Lita moja ni kilo moja. Moja mara 9.8 mara 850 ni jouli 8,330. Taa ya wati 8 hutumia jouli 8 kila sekunde, kwa hiyo lita hiyo moja, kama hakuna kinachopotea njiani, inaiwasha kwa dakika 17 hivi.

Wasomaji wengi wanasimama hapo wakiwa wamefurahi. Usisimame. Kupandisha lita moja ya maji nyuzi 1 kunahitaji jouli 4,200 hivi. Kwa hiyo kuchemsha lita moja ya maji ya chai Mbeya, kutoka nyuzi 20 hadi 94, ni 74 mara 4,200, yaani jouli 310,800. Gawanya kwa 8,330: lita 37. Lita 37 zianguke kutoka juu ya mlima ule ili lita moja ichemke, na hapo bado hatujahesabu kinachopotea kwenye mitambo na kwenye nyaya. Sasa mtu anaelewa kwa nini birika la umeme linakula luku kuliko taa zote za nyumba, na amelielewa kwa kuzidisha na kugawanya tu.

Kinachoharibika hapa huwa ni vipimo. Gramu zikiingia mahali pa kilo, jibu linakosea mara 1,000 na halionekani kuwa la ajabu kwa asiyezoea. Andika kipimo pembeni ya kila namba, katika kila mstari, hata inapochosha.

Namba kubwa zipimwe kwa gunia

Milioni, bilioni, trilioni: kwa wasomaji wengi ni maneno matatu yenye maana moja, "nyingi sana". Kuandika sufuri 23 mfululizo hakusaidii. Kinachosaidia ni kitu kimoja kinachohesabika, kisha ngazi.

Mwambie msomaji ahesabu punje 100 za mahindi na kuzipima. Zitakuwa gramu 30 hivi, kutegemea mbegu. Punje moja basi ni gramu 0.3. Gunia la kilo 100 lina punje zipatazo 330,000, hivyo milioni ni magunia matatu. Bilioni ni magunia 3,000, yaani tani 300, malori 10 ya tani 30. Tofauti ya milioni na bilioni sasa ina sura: magunia matatu ukutani, na msafara wa malori umeziba barabara ya Igawa.

Baada ya ngazi hiyo ndipo uiseme namba ya molekuli. Maji ya gramu 18, kijiko kimoja cha mezani na kidogo, yana molekuli karibu 6 × 10²³, yaani 6 ikifuatwa na sufuri 23. Punje za mahindi za idadi hiyo zingeifunika Tanzania nzima, maziwa yote yakiwemo, kwa kina cha karibu kilomita 260. Onyesha hesabu yenyewe pembeni: masi ya punje zote, gawanya kwa kilo 720 za kila mita ya ujazo, gawanya kwa eneo la nchi la kilomita za mraba 945,000. Msomaji mmoja kati ya wengi ataifuata. Wengine wataamini zaidi kwa sababu wameiona imewekwa wazi.

Uwezekano: sema kinachohesabiwa

Hisabati inayoshangaza watu mara nyingi haiko kwenye hesabu, iko kwenye swali walilolisikia vibaya. Chukua Coaster yenye abiria 30 inayotoka Mbeya kwenda Tunduma. Uwezekano kwamba angalau wawili humo wanashiriki siku ya kuzaliwa ni asilimia 71 hivi. Watu hukataa, kwa sababu kila mmoja anasikia "mtu mwenye siku ya kuzaliwa kama yangu", na kwa swali hilo yuko sahihi kukataa.

Dawa ni kuhesabu jozi mbele ya msomaji. Kila abiria apeane mkono na kila mwingine: 30 mara 29, gawanya kwa 2, ni salamu 435. Kila salamu ni bahati nasibu moja ndogo ya 1 kati ya 365. Watu 23 wanatoa jozi 253, na hapo ndipo uwezekano unapovuka nusu. Darasa la wanafunzi 45 linafika asilimia 94. Mwambie mwalimu ajaribu kwa karatasi kwenye madarasa kumi. Atarajie kama tisa yakubali. Taja pia sharti: tarehe ziwe za kweli na pasiwe na mapacha. Ukijaribu na wazee ambao tarehe zao zilikadiriwa wakati wa kuandikishwa, matokeo yataharibika.

Pale ambapo jicho halifiki

Sura ya nadharia ya Einstein ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko zote, kwa sababu mwandishi anakimbilia maajabu: pacha anayerudi kutoka angani akiwa kijana. Einstein mwenyewe, katika kitabu chake kwa wasomaji wa kawaida kilichochapwa 1917, alitumia treni, tuta la reli na radi mbili. Vitu vya kila siku. Nasi tunayo reli: TAZARA inapita Mbeya.

Kanuni ya kwanza ni kutoa ukubwa wa jambo kabla ya kulisifu. Nadharia inasema saa inayosafiri huchelewa: treni iendayo kilomita 60 kwa saa kwa siku nzima inachelewesha saa ya abiria kwa sehemu 0.13 ya bilioni moja ya sekunde. Msomaji apewe namba hiyo bila kufichwa. Atauliza, kwa haki kabisa: kama ni ndogo hivyo, nani anajali? Hapo mlete kwenye simu ya bodaboda. Setilaiti zinazoonyesha mahali kwenye ramani zina saa ambazo, kwa sababu ya mwendo wake, zinachelewa mikrosekunde (sehemu za milioni moja ya sekunde) 7 kwa siku, na kwa sababu ziko juu sana zinawahi mikrosekunde 45. Jumla zinawahi 38. Mwanga unakwenda mita 300 katika mikrosekunde moja, kwa hiyo pasipo kurekebisha, kosa lingekua kwa zaidi ya kilomita 11 kila siku. Bodaboda angetafuta Soko Matola akiwa njiani kwenda Uyole.

Sasa "ziko juu sana" ni dai kubwa kuliko lile la mwendo, na halihitaji setilaiti. Mbeya nayo iko juu. Hivi ndivyo linavyoweza kuelezwa kwa mtu aliyefika darasa la saba:

Mtu wa chini anammulika mtu wa juu kwa taa inayotuma mawimbi kwa mpigo, tuseme mpigo bilioni moja kila sekunde ya saa yake. Kupanda kunagharimu nishati, kama gunia linavyogharimu. Mpira ukirushwa juu hulipa kwa kupunguza mwendo. Mwanga hauwezi kulipa hivyo, mwendo wake haupungui. Unalipa kwa namna nyingine: mawimbi yanafika juu yakiwa yametanuka, machache kwa kila sekunde ya mtu wa juu. Simama hapa na umruhusu msomaji aone tatizo. Mawimbi bilioni moja yaliondoka, na hakuna hata moja lililomezwa njiani. Kama yanapokelewa kwa uchache kila sekunde, na hakuna lililopotea, basi sekunde ya chini na sekunde ya juu haziko sawa. Wakati wa chini unatembea taratibu kuliko wa juu.

Mstari wa "hakuna lililomezwa njiani" ndio nguzo ya maelezo yote. Ukiuacha, msomaji atadhani ni ujanja wa mwanga tu na kwamba saa zenyewe ziko sawa. Uandike peke yake, katika sentensi fupi. Kisha weka mpaka wa mfano: mwanga "haulipi" kama mtu mwenye pochi, na hauchoki. Hilo ni neno la kusaidia tu.

Halafu namba. Zidisha 9.8 kwa mita 1,700, gawanya kwa mwendo wa mwanga uliozidishwa kwa wenyewe (300,000,000 mara 300,000,000, kwa mita kwa sekunde). Jibu ni sehemu 0.000000000000185. Kwa siku yenye sekunde 86,400, saa ya Mbeya inaizidi ya Dar es Salaam kwa nanosekunde 16, yaani sehemu 16 za bilioni moja ya sekunde. Aliyeishi Mbeya miaka 70 amemtangulia mwenzake wa pwani kwa sehemu nne hivi za elfu kumi za sekunde. Na si nadharia ya karatasini: mwaka 1960 wanafizikia Pound na Rebka, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliupima mtanuko huo wa mawimbi ndani ya mnara wenye kimo cha mita 22.5 tu. Mlima Loleza, ulio juu ya mji wa Mbeya, ungetosha mara nyingi.

Kisichokatwa shauri kisiandikwe kama kimekatwa

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya aiskrimu, ulioingizwa kwenye friza ungali wa moto, umeganda kabla ya uliopoa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyetembelea shule: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine 100, kwa nini cha 100 kinaganda kwanza? Osborne alilichukua swali kwa uzito, akalijaribu, na mwaka 1969 wakalichapisha pamoja. Jina la Mpemba limebaki kwenye fizikia ya dunia nzima.

Vijitabu vingi hapa hutangaza: "maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi." Si haki kwa msomaji, wala kwa swali la Mpemba. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Walionyesha kuwa kuhamisha kipimajoto kwa sentimita 1 tu ndani ya chombo kunaweza kuzaa matokeo ya uongo. Wengine wametaja uvukizi, mizunguko ya maji ndani ya chombo, gesi zilizoyeyuka, na barafu ya chini ya chombo inayoyeyushwa na joto hata chombo kikagusana vizuri na friza.

Andika tabaka tatu, zisichanganyike: kilichoonekana, kilichopendekezwa kama sababu, na kinachobishaniwa. Kisha mpe msomaji jaribio lenye masharti. Vikombe viwili vinavyofanana, mililita 70 kila kimoja, chini yake kipande cha ile sponji nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni ili barafu ya friza isiingilie. Maji ya chanzo kimoja. Rudia mara tano ukibadilishana nafasi za vikombe. Na kabla ya kuanza, aamue "kuganda" ni nini: chembe ya kwanza ya barafu, au kikombe kizima kuwa kigumu? Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kutofautiana, na ubishi mwingi umezaliwa hapo.

Maneno yenye maana mbili

Msomaji wetu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo "kanieneo" hajui vizuri na "presha" anaijua kama ugonjwa. Yatumie yote mawili mara ya kwanza, eleza unamaanisha nini, kisha shika moja hadi mwisho wa sura. Kubadilisha maneno kwa ajili ya ladha, jambo linalopendeza katika insha, katika fizikia linamfanya msomaji adhani umeleta kitu kipya.

Maneno hatari zaidi ni yale anayoyajua. Kuli wa Mwanjelwa aliyesimama na gunia begani kwa dakika kumi anatoka jasho, na fizikia inasema hajafanya "kazi" yoyote juu ya gunia hilo, kwa kuwa halijasogea. Eleza kwamba misuli yake inateketeza nishati ndani yake. La sivyo umemtukana bure. "Nguvu" kwetu inabeba kani, nishati na uwezo kwa pamoja, hivyo ndani ya sura ya fizikia iepuke kabisa. "Uzito" wa dukani ni kilo, wa fizikia ni nyutoni. "Joto" na "jotoridi" zitenganishwe mapema: beseni la maji ya uvuguvugu lina joto jingi kuliko kijiko cha maji yanayochemka.

Kujaribu rasimu

Watafute watu watatu: fundi au mfanyabiashara aliyeacha shule mapema, mwanafunzi wa kidato cha pili, na mwalimu wa fizikia. Mwalimu atakuonyesha makosa, wale wawili watakuonyesha mashimo. Wape penseli waweke alama popote waliporudi kusoma mstari mara ya pili, bila kueleza kwa nini. Alama mbili mahali pamoja maana yake hatua imerukwa, kwa kawaida mistari miwili mitatu juu ya alama yenyewe.

Usiulize "umeelewa?" Heshima itawafanya wakujibu ndiyo. Waombe wamweleze mtu mwingine ukiwa unasikiliza, kisha uliza swali ambalo jibu lake halimo kwenye ukurasa. Kila namba mpe mtu wa pili aipigie hesabu upya kutoka mwanzo, pasipo kuona jibu lako.

Kwa sura ya maharage, swali ni hili: chai iliyomiminwa papo hapo ikitoka kuchemka, ya Kitulo na ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ipi itakuunguza ulimi zaidi? Akijibu ya Matema, kwa sababu kule maji yalilazimika kufika nyuzi nyingi kabla ya kuchemka, sura iko tayari kwenda kwa mchapaji. Akijibu ya Matema kwa sababu Kitulo kuna baridi, rudi ukaiandike upya hatua ya pili.